Siku Tano za Kumnenepesha Hakimu

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Telegramu imefika saa nne asubuhi. Maneno sita. NARUDI JUMAMOSI MCHANA MSALIMIE HAKIMU SANA. Nimeisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili silionyeshi mtu. Hakimu ni kinyonga. Bwana Mwandawiro, mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza wadudu wa mimea hapa Voi, alimwokota mwezi wa pili kwenye shamba la mbaazi. Akamweka chumba cha nyuma, ndani ya kizimba cha wavu. Alimwita Hakimu kwa sababu jicho lake moja humtazama mshtaki na jingine mshtakiwa. Anampenda kuliko anavyotupenda sisi makarani. Alipokuwa akienda kozi Nairobi aliuliza nani atamtunza. Dominic, karani mwenzangu, akatazama kalamu yake. Mimi nikasema haraka kwamba napenda wanyama tangu utoto.

Uongo! Nawaogopa wote. Hata kuku akinikazia macho nampisha njia. Lakini makarani wa majaribio tuko wawili, nafasi ya kudumu ni moja, na Bwana Mwandawiro ndiye atakayepeleka jina makao makuu. Nilijiona mjanja.

Na kati ya wanyama wote, kinyonga ndiye ninayemwogopa zaidi. Nyanya yangu kule Rukanga alitufundisha kwamba kinyonga akikung'ang'ania haachi mpaka radi ipige. Nina cheti cha kidato cha nne, daraja la pili. Najua hiyo si sayansi. Miguu yangu haijui.

Kwa hiyo siku kumi na moja nimemtunza Hakimu kupitia chini ya mlango. Kila asubuhi nasukuma sahani ya ugali. Kila jioni naivuta tupu, naandika kwenye ripoti: "Anakula vizuri." Leo nimefungua mlango kwa mpini wa ufagio. Panya watatu wanene wametoka, wamenipita bila haraka yoyote, kama watu waliotoka hotelini.

Hakimu yuko kwenye tawi kavu. Mbavu zote nje. Macho yamezama. Rangi ya majivu. Jicho moja limenitazama mimi. Jingine limetazama sahani.

Nimefunga mlango taratibu. Siku tano!

Jumanne, 10 Agosti

Mpango wa kwanza: vinywaji. Nimesogeza bakuli la maji kwa reki, mimi nikiwa mlangoni. Hakugusa. Nikasogeza maziwa. Hakugusa. Nikasogeza chai ya tangawizi, ambayo kwetu humwamsha mgonjwa yeyote. Alifumba jicho la upande wa chai.

Dominic amepita akauliza kwa nini nalima ndani ya nyumba. Nikamjibu kwamba hii ndiyo njia ya kisasa. Akauliza, ya kisasa ya kumzika? Ameondoka akipiga mluzi. Mluzi wa mtu anayeiona barua ya kazi ya kudumu mfukoni mwake.

Mpango wa pili: kubadilisha. Kinyonga ni kinyonga, nani atajua? Saa ya chakula nimeingia vichakani nyuma ya kituo. Nimempata mmoja, mnene, kijani safi, kama aliyeagizwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ili kumchukua ni lazima nimshike. Tumetazamana mpaka saa nane. Nimerudi na miba. Yeye amebaki na mti wake.

Saa kumi Mama Mbula, anayefagia ofisi na kumwagilia bustani, ameingia chumba cha nyuma bila kubisha. Ameona mabakuli matatu yamepangwa mbele ya kizimba. Amecheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe mwanangu, umemkaribisha chai! Umeona wapi mnyama wa mtini ana kikombe?"

Akakata tawi bichi la mpera, akaliingiza kizimbani, akanyunyizia majani maji kwa vidole. Hakimu akafungua mdomo. Akaramba tone. La pili. La kumi! Nilikuwa karibu kulia. Mama Mbula akasema sasa anataka wadudu walio hai, na ugali nile mwenyewe, kwa sababu hata mimi nimekonda. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema hana wa kumwambia, ila watu wote.

Jumatano, 11 Agosti

Wadudu. Kazi rahisi, nilifikiri, kwa karani wa kituo cha wadudu.

Tuna wadudu elfu nne. Wote wamekufa. Wamechomwa pini na kupangwa kwenye droo, kila mmoja na jina lake la Kilatini. Walio hai hakuna hata mmoja, maana kila Jumatano ya pili ya mwezi Dominic hupuliza dawa vyumba vyote. Leo ndiyo Jumatano hiyo! Nimemkuta tayari amevaa kitambaa puani, pampu mgongoni. Nikamsihi aruke chumba cha nyuma. Akasema ratiba haina neno kuruka. Nikamwambia Hakimu atakufa. Akasema basi nimtoe, si napenda wanyama tangu utoto?

Dakika tano alinipa. Nikachukua tawi la mpera na Hakimu juu yake. Nikalishika kwa ncha, mkono nimeunyoosha, uso nimeugeuza. Nikatoka hivyo mpaka uani. Hakimu akatazama mbele, akatazama nyuma, akaamua. Akaja upande wangu. Polepole! Mguu mmoja, tafakari. Mguu wa pili, tafakari. Ningeweza kutupa tawi mara ishirini. Sikuweza hata mara moja. Akapita kiwiko, bega, sikio. Akaingia kwenye nywele zangu, hizi nilizozifuga tangu Krismasi ili ziwe afro ya heshima. Akashika.

Nilipiga kelele. Dominic anasema zilisikika stesheni.

Nikatazama juu. Agosti. Mbingu safi, wingu hakuna mpaka mlima Kasigau. Radi nitaitoa wapi?

Mpango wa tatu: treni ya mizigo kutoka Mombasa. Saa tisa hupita na mngurumo unaotikisa vikombe. Kichwa cha kinyonga kidogo vile hakiwezi kutofautisha. Nikaenda kwenye reli. Watu wakanipisha njia yote, mama mmoja akavuka barabara na kikapu chake, akavuka tena aliponiona navuka. Treni ikaja. Ardhi ikatetemeka. Nikafumba macho nikasema sasa.

Hakimu akakaza zaidi.

Nikaegemea ukuta wa karibu. Ulikuwa ukuta wa bucha la Ndambuki. Nzi wakaja. Mmoja akatua kwenye paji la uso. Tap! Hayupo. Kitu chenye ubaridi kilinigusa kikaondoka. Wa pili. Tap! Sikuthubutu kupumua. Nilihesabu nzi kumi na wanne. Huko dirishani wateja walihesabu njia za kutokea.

Ndambuki akatoka na kisu chake na aproni yake. Akauliza kichwa changu kimekuja kununua nyama au kufukuza wanunuzi. Nikamwambia, kwa sauti ndogo sana, kwamba mgonjwa anakula. Akatazama. Tap! Akashusha kisu. Akasema basi nimpeleke nyuma, kwenye ngozi zinazokaushwa, huko kuna karamu. Ni kweli. Nilisimama huko saa nzima, nimeshika pua. Arobaini na mmoja!

Saa kumi na moja Mama Mbula aliegemeza tawi kwenye kichwa changu. Hakimu akapanda, akaenda zake. Bila radi. Mama Mbula akasema alikuwa akishika kwa nguvu kwa sababu mti wake ulikuwa unatetemeka. Nikauliza mti gani. Akasema, "Wewe!"

Nimelifikiria sana. Nadhani ni treni. Ilichelewa tu kufanya kazi.

Alhamisi, 12 Agosti

Hakimu ana mstari wa kijani ubavuni! Nimeupima kwa rula. Nusu inchi.

Sasa hataki nimbebe popote ila kichwani. Asubuhi nimeandika barua tatu naye juu. Bado naogopa, lakini naogopa nikiwa nimekaa, ni afadhali. Saa saba tumeenda kwa Ndambuki. Thelathini na nane.

Dominic ameanza fitina. Ameeneza mjini kwamba nimeacha ukarani nimekuwa mganga. Kabla ya saa tisa walikuwa wamenijia watu wawili. Mzee mmoja alitaka nimtafutie mbuzi aliyepotea. Nilimwambia mimi ni mtumishi wa serikali. Akasema anajua, ndiyo maana hakuja na haraka.

Mpango wa nne umenijia nikiwa kitandani. Kwa nini mimi niwafuate nzi? Nzi wanifuate mimi!

Ijumaa, 13 Agosti

Sitaki kuandika mengi.

Nilimwomba Ndambuki kipande kidogo cha bandama. Nikakifunga kwa uzi kwenye nywele, nyuma, pasipoonekana. Nzi walikuja ofisini, ni kweli, na Hakimu alikula akiwa kichwani kwangu kama bwana. Mkamburi, mpiga chapa wetu, alihamisha mashine yake kwenda verandani. Alirudi kuchukua kiti. Alirudi tena kufunga mlango.

Saa sita nilitoka kwenda posta. Mbwa wa kwanza alinifuata kwa adabu. Kufika kona ya pili walikuwa sita, na adabu imekwisha. Nilikimbia. Hakimu akawa mweusi, wa mkaa kabisa, akavimbisha mwili, akatoa sauti kama tairi linalotoa upepo. Niliparamia lori la mkonge lililosimama. Nilikaa juu ya marobota kwa nusu saa, mbwa wakinizunguka, mpaka Mama Mbula aliyekuwa akitoka sokoni akaniuliza huko juu nasubiri abiria gani. Alipoelewa, alisema nikate uzi, niwatupie. Nikakata. Wakaondoka na bandama, na nywele kiasi cha kiganja.

Sasa nina upara wa duara nyuma. Hakimu amerudi kijani. Sidhani amenisamehe.

Kesho!

Jumamosi, 14 Agosti

Nilipanga vizuri. Hakimu awe kizimbani, ameshiba, anang'aa. Mimi nisimame pembeni na daftari la vipimo. Tai nimevaa.

Hakimu hakuingia kizimbani. Nilimwekea tawi, akatazama kichwa changu. Nilimwekea tawi la pili, akatazama kichwa changu kwa macho yote mawili, jambo ambalo sijawahi kuliona. Gari likapiga breki nje. Akapanda.

Bwana Mwandawiro aliingia na sanduku mkononi. Alisimama. Aliweka sanduku chini. Alisema kwamba miezi yote hii amejaribu kumfanya Hakimu amkalie mabegani, naye hukimbia. Alizunguka nyuma yangu, akaona upara, akauliza. Nikasema nilipunguza nywele ili apate mahali tambarare pa kupumzika. Sijui ilitoka wapi! Akavua miwani akaifuta.

Akauliza nani alinifundisha utunzaji kama huu. Nikajibu, utafiti wangu mwenyewe. Mama Mbula akakohoa kwenye korido, kikohozi kirefu chenye maneno ndani yake. Bwana Mwandawiro hakusikia. Alikuwa akimtazama Hakimu. Akasema atatoa uamuzi Jumatatu.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimepata! Nimethibitishwa!

Niandike kwa utaratibu. Saa mbili Bwana Mwandawiro alituita mimi na Dominic. Alisema makao makuu wametupa nafasi mbili, si moja. Moja hapa hapa Voi, kwenye mafaili. Nyingine Mboghoni, kule Taveta, kwenye mashamba ya migomba ya umwagiliaji, ambako wakulima wanasumbuliwa na nyoka mitaroni. Kituo kinataka karani wa kuishi huko, kuwakusanya nyoka hao, kuwapima urefu na kuwatunza kwenye masanduku.

Alimuuliza Dominic kwanza. Dominic alisema wazi, bila aibu, kwamba anaogopa nyoka. Mbele ya mkubwa! Maskini, hajui kujitetea. Amepewa mafaili, na kiti kile cha mto karibu na dirisha, na Mkamburi amerudisha mashine yake ndani.

Kisha akanigeukia mimi. Alisema bila shaka hakuna haja ya kuniuliza, lakini ataniuliza kwa ajili ya kumbukumbu. Naweza?

Mama Mbula alikuwa akifuta dirisha. Alinitingishia kichwa, hapana, hapana, hapana.

Nikasema nyoka nimekua nao.

Ameniambia wapo saba tayari, wananisubiri. Nikamwambia saba ni wachache.