Ujumbe wa Kosa Uliosomwa kwa Sauti

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kaunta nzima. Na bado nimeshinda!

Mnajua tangu nirudi kutoka Nakuru nchi yetu ilipopata uhuru nimekuwa nikitafuta kazi ya kompyuta hapa Juba. Sasa vita vimeanza, watu wanapeleka vyombo vyao Entebbe, na Mama Apio, Mganda mwenye ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, akanipa nafasi ya kumwandikia programu. Kwa majaribio tu. Programu ya jamaa aliyenitangulia ilifuta faili zima umeme ulipokatika, na mizigo ya watu ikapotea njiani.

Yangu nikaiandika kwa adabu. Haigusi faili la zamani mpaka jipya liandikwe lote na kufungwa. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inalinasa kosa, inatoa ujumbe, kisha inafungua faili la zamani. (Ujumbe wenyewe niliutunga siku Mama alipozima jenereta ili kubana dizeli, nami nikiwa katikati ya kazi. Nilikuwa na hasira. Nilipanga kuubadilisha. Nikasahau!)

Leo ofisi imejaa. Nikaanza kuingiza magunia ya mzee mmoja wa mtaa wa Gurei. Ghafla Mama Apio akamwita mlinzi dirishani:

"Zima jenereta!"

"Mama, bado naandika!"

"Ndiyo maana nazima. Nataka kuona."

Skrini ikawa nyeusi. Jenereta ikawashwa, kompyuta ikaamka, na hapo ndipo nikakumbuka ule ujumbe. Nikaikinga skrini kwa kifua! (Kifua changu ni chembamba, mnakijua.)

"Wewe, toka hapo. Mimi nasoma."

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kanisani, neno kwa neno: "Faili jipya halijakamilika. Mama amezima jenereta tena. Atazikwa na jerikani lake la dizeli."

Mzee wa Gurei akaangua kicheko: "Ya zol, ewe bwana! Hii kompyuta iko na mdomo!" Ofisi nzima ikafuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama hakucheka. "Mizigo ya watu iko wapi?"

Nikabonyeza. Ikatoka yote! Lilikosekana gunia moja tu, lile nililokuwa naliandika.

Akaipitia mpaka chini. Akavua miwani.

"Mimi nitazikwa na dizeli, sawa. Lakini mizigo iko! Kesho anza kazi. Na hiyo maneno, toa."

Nimeyatoa, wallahi. Chekeni, lakini mjue mnamcheka mtu mwenye kazi.