Paka wa Uskoti na Shamba la Bigwa

Jumatatu, 2 Juni

Nahama! Nahamia Uskoti. Leo Prakash, mwenye duka la vyombo, kafungua katoni za sahani za mtumba kutoka huko. Zimeviringishiwa magazeti! Nikamwomba yote, akanipa, akacheka. Nimeyanyoosha kwa pasi ya mkaa. Moja limeungua kwenye michezo. Sijali.

Kwetu gazeti nasoma vichwa tu, bure, mezani kwa muuzaji. Haya nimeyasoma yote. Nchi gani hii! Ukurasa wa mbele: paka kakwama juu ya paa, zimamoto wamemshusha. Picha kubwa! Hakuna ajali ya basi, hakuna mkubwa aliyetumbuliwa kazini. Shida yao ni paka.

Jumanne, 3 Juni

Nimeitangazia Bigwa yetu nzima. Jirani yangu Geofrey, aliyewahi kukaa Omani na hajanyamaza mpaka leo, akauliza nauli iko wapi. Wivu huo! Nitauza shamba la migomba. Kasoro moja: ni la ukoo wa mama, na kwetu Waluguru bila neno la mjomba huuzi hata tuta. Basi nitampelekea mjomba Raphael magazeti. Paka atamlainisha.

Nimetazama pia hali ya hewa ya huko. Nikafunga gazeti haraka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepanda mlimani Mgeta kwa mjomba. Baridi! Makoti mawili na meno yanagongana. Nikampa shikamoo, nikatandaza magazeti mkekani, nikamtafsiria paka. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza paka ni wa nani. Kisha akataka matangazo ya vifo. Yeye gazeti huanzia huko, ajue wapi kuna msiba. Nikapata moja: bibi kafariki, mazishi ni ya familia tu, wengine wanaombwa wasifike.

Nikatafsiri bila kufikiri. Mjinga mimi!

Mjomba akaniambia nirudie. Nikarudia, kwa sauti ndogo. Akasema paka kaitiwa zimamoto, bibi wa watu anazikwa huku majirani wanafukuzwa. Akauliza nikifa huko nani atachimba kaburi, nani atapika ugali wa msiba. Mtoto wa dada yake hazikwi kwa siri kama mwizi. Shamba haliuzwi.

Nikalia kidogo, kwa heshima ya mpango. Kushuka mlima nikajikuta naimba. Niseme kweli: niliogopa. Mgeta tu kifua kinabana, Uskoti je? Na migomba yangu ningemwachia nani? Asante Mungu! Asante mjomba!

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwambia Geofrey Uskoti nimeikataa mwenyewe. Hawana utu. Nimekula ndizi za shambani, nimelala mchana kutwa. Raha iliyoje kutokwenda popote!

Jumatatu, 9 Juni

Prakash kafungua katoni nyingine. Vikombe vya Ayalandi! Safari hii nikaanzia kwenye vifo. Mzee kafariki, wote mnakaribishwa, na baada ya mazishi kuna chakula. Chakula! Watu wenye utu hao. Geofrey nimeshamwambia.

Kesho asubuhi napanda Mgeta na magazeti yamenyooka vizuri. Ila ukurasa wa hali ya hewa umeungua. Bahati mbaya tu.