Kitenzi Kimoja Kinatosha

Jumatano, 8 Juni 2005

Nimegundua! Kiingereza chote kimejengwa juu ya kitenzi kimoja: "get". Nimekisoma kwenye kamusi kuukuu niliyonunua kwa wauza vitabu wa barabara ya Tom Mboya mjini. Kupata, kufika, kuelewa, kuwa, kuinuka, kushuka. Vyote humo! Kurasa zilizobaki nitafungia wateja viatu.

Haraka ya nini? Jumapili kanisa letu la hapa Kangemi linapokea mhubiri kutoka Amerika. Anahitaji mkalimani. Mkalimani atakula chakula cha mchana na mgeni nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mzee huyo ni babake Nanjala. Na Nanjala ni Nanjala. Nikionekana kwenye meza ile, sitakuwa tena Dalmas muuza viatu vya mitumba.

Kikwazo ni Muthama. Karani mjini, suti mbili, ndiye hutafsiri siku zote. Tena humtazama Nanjala wakati wa maombi, macho wazi kabisa. Nimemwona.

Ijumaa, 10 Juni

Ushindi! Nilimwendea Muthama na hoja tele. Sikufika hata ya pili. Akasema nichukue tu kazi, koo linamuuma. Mwoga! Akaniuliza kama namjua mgeni. Nikamwambia mkalimani hahitaji kumjua mtu, anahitaji kujua kitenzi. Akacheka sana kwa mtu anayeumwa koo.

Jumamosi, 11 Juni

Mazoezi. Philister, jirani yangu muuza sukuma wiki, alilalamika kwamba mvua inakuja. Nikatafsiri papo hapo: "We get rain!" Akaniuliza kama nimekula. Wivu umejaa soko hili.

Nimeazima koti la Odhiambo, fundi cherehani. Mikono yake ni mifupi, lakini mkalimani lazima mikono ionekane.

Jumapili, 12 Juni

Mgeni alipanda madhabahuni. Nikasimama kando yake, kama desturi. Akafungua mdomo: "Bwana asifiwe! Hamjambo nyote?" Kiswahili! Kumbe ameishi Bungoma miaka mingi. Akawasalimu kina mama kwa Kibukusu, wakapiga vigelegele. Muthama alijua, yule nyoka!

Mgeni akanigeukia kwa upole, akasema naweza kukaa.

Kukaa? Na koti la watu mwilini? Na Nanjala pale kwenye kwaya? Nikaamua: yeye ahubiri kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri kwa Kiingereza. Akasema Zakayo alipanda mti. Nikanguruma: "Zakayo get tree!" Akasema Yesu alimwambia ashuke upesi. "Get down!" Akasema leo nitashinda nyumbani kwako. "Today I get your house!" Watoto wakaanza kunifuatisha kila "get". Kwaya ikainama. Mgeni akashikilia mimbari, machozi ya kicheko yakimtoka. Mzee akanivuta koti, mshono ukaachia, nikatoka nje na mkono mmoja.

Baadaye nilipita karibu na lango la kina Nanjala. Nilimsikia Muthama ndani, anaongea bila shida yoyote ya koo. Niliumia. Naandika hivyo hivyo: niliumia.

Jumatatu, 13 Juni

Nanjala amekuja kibandani. Hakutaka viatu. Amesema alimwomba babake wiki nzima, na mzee akakubali: nile nao Jumapili, niwe mkalimani nisiwe. Sahani yangu ilikuwa mezani tayari. Muthama aliitwa kwa sababu nafasi ilibaki.

"Si ungekaa tu chini, Dalmas? Mtu amekuambia ukae, si unakaa?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaanza kupangusa kiatu kilichokuwa safi tayari. Akasema babake sasa hataki hata kusikia jina langu. Akaenda zake.

Nimewaza mchana kutwa mpaka nimeliona kosa langu. Kitenzi kimoja hakikutosha. Mwezi ujao anakuja mhubiri mwingine kutoka mtaa wa Jamhuri, hapa hapa Nairobi, na kwenye kamusi nimekuta "take", nayo ina maana chungu nzima. Nimeanza kuikariri. Koti nimeomba liongezwe mikono.

Na safari hii, hata nikiambiwa nikae, sikai.