Chujio la Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumanne, 6 Mei
Chujio la maji jikoni linavuja. Tone moja kila nikihesabu hadi nne. Mke wangu Sulabha kaweka sufuria chini, kasema aitwe fundi. Nimekataa katakata. Jumapili jengo letu linachagua mwenyekiti, na mimi nagombea kwa ahadi moja tu: maji. Wakimwona fundi anapanda ngazi kuja kwangu, kwisha habari yangu. Bhalerao wa ghorofa ya kwanza, mpinzani wangu, hushinda mlangoni kwake akikagua wapitao.

Nakitaka kiti hicho. Miaka thelathini na moja nimetumikia idara ya umwagiliaji hapa Nagpur, na sijawahi kuongoza kikao hata cha watu wawili.

Nimezungushia kiungio utepe mweupe wa mafundi, mizunguko ishirini. Sasa ni tone moja kila nikihesabu hadi mbili. Sulabha kaleta ndoo.

Jumatano, 7 Mei
Kosa nimeligundua. Utepe niliuzungusha kinyume, kwa hiyo kila nikikaza kiungio wenyewe unavurugika. Nimeurudia. Halafu nikafungua kopo la chujio, nikakuta mpira wake wa duara umekauka. Nikaupaka samli. Samli safi, aliyoleta mama mkwe. Kuvuja kumekoma!

Chai ya jioni ilinukia samli kama laddu, vitamutamu vya harusi. Sulabha akauliza samli yake imepunguaje. Nikasema ni joto hili. Akaifungia iliyobaki kabatini.

Alhamisi, 8 Mei
Bhalerao kanikuta ngazini. Eti kasikia vishindo kwangu siku mbili mfululizo, vipi kaka Kolte, unajenga bwawa? Nikamwambia naboresha mitambo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Hasira ikanipa akili. Nimechukua dira, nikakagua mfumo mzima kwa kanuni za Vastu, elimu yetu ya kale ya kupanga nyumba. Kila mwenye nyumba anajua maji yaelekee kaskazini-mashariki, ndiko baraka ziliko. Sasa kwenye mpira wa kutolea maji machafu, yanayobeba chumvi iliyochujwa, kuna valvu ndogo ya njia moja, imechorwa mshale. Mshale unaelekea kusini-magharibi! Miaka minne tunamwaga bahati kwenye sinki. Si ajabu binti yetu Anagha kafeli mtihani wa udereva mara tatu.

Nimeigeuza valvu. Sulabha akauliza, huyo aliyeiweka vile hakuwa na sababu zake? Nikamweleza kwamba mtu wa kiwandani hawezi kujua jiko letu limekaa upande gani. Akaendelea kukata vitunguu.

Jumamosi, 10 Mei
Sijui nianzie wapi. Niliwaita wapiga kura wote kumi na wanane, sebuleni kwangu, kwa poha, ule mchele bapa wa kukaanga, na chai ya maji ya chujio. Nilimwalika hata Bhalerao, aone kwa macho yake. Nilihutubia juu ya usafi wa maji. Watu wakanywa. Maziwa yalikuwa yamekatika, vipande vinaelea. Bibi Tambe wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, aliuliza kwa upole hii ni chai au ni supu, mwanangu, kwa sababu ina chumvi. Bhalerao alimaliza kikombe chake, akaomba kingine ili apate uhakika.

Ndipo kikasikika kishindo jikoni. Maji machafu yalikosa pa kutokea. Siku mbili yamekuwa yakirudi ndani na chumvi yake yote, yakichanganyika na yale safi, na sasa yamekifyatua kiungio. Yalipita sebuleni, yakafika mlangoni walikovua viatu, yakateremka ngazi na kandambili za wapiga kura wangu.

Sulabha alifunga bomba, akachukua bisibisi, akairudisha valvu ilivyokuwa. Bibi Tambe alimshikia tochi. Dakika kumi tu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Jumapili, 11 Mei
Bhalerao kura nne. Mimi kura moja, na mwandiko wake naujua, ni wangu. Sulabha kura kumi na tatu. Hakuwa hata mgombea! Bibi Tambe alisimama tu akataja jina lake, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilimuuliza Sulabha kura yake alimpa nani. Akasema kura ni siri, Baba Anagha.

Inaniuma, sifichi. Uenyekiti umekuja mpaka nyumbani kwangu, ukampita mwenye nyumba. Na uamuzi wake wa kwanza ni kwamba asiye fundi asiguse bomba lolote. Hakutaja jina. Watu wote waligeuka kunitazama.

Jumatatu, 12 Mei
Nimetafakari kwa utulivu. Nilikuwa sahihi kuhusu maji, nilikosea kuhusu ukuta. Chujio limetundikwa ukuta usio wake. Likihamia ukuta wa mkabala, mshale utaelekea kaskazini-mashariki wenyewe, valvu haiguswi, na amri ya mwenyekiti haijavunjwa. Ni kutoboa matundu sita tu. Pengine saba, maana sijui mabomba ya ndani ya ukuta yanapitia wapi.

Sulabha ana kikao saa kumi jioni. Nimeshuka kwa Bhalerao kuazima drili. Nilidhani atanikatalia. Kumbe tumemdhania vibaya siku zote, ni mtu mwema sana. Alinipa papo hapo, akaniongezea waya mrefu, kisha akaenda kuhamisha viatu vyake ngazini.