Ombi la Kuifunga Tovuti ya Alizeti ya Iguguno

Kikundi cha Wakulima wa Alizeti Tupendane,
Iguguno, Iramba.
22 Agosti 2011

Ndugu Afisa Ushirika wa Wilaya,
Kiomboi.

Ndugu Afisa,

Pokea salamu nyingi kutoka Iguguno. Huku hatujambo wote, isipokuwa mimi.

Mimi ni Philipo Alute, Mwenyekiti wa Kikundi cha Tupendane tangu mwaka 1996, yaani tangu tulipoambiwa kuwa soko sasa ni huria na kila mkulima ajitafutie mnunuzi wake. Kwa miaka kumi na mitano nimekiongoza kikundi bila mpinzani. Naomba ieleweke kuwa wapinzani hawakukatazwa. Walikuwa hawaijui tu siku ya uchaguzi. Nakuandikia kwa heshima kubwa kuomba ofisi yako iifunge tovuti ya kikundi chetu.

Tovuti hii ilikuja Machi mwaka huu. Mradi mmoja uliokuwa ukitusaidia ulisema kwamba hakuna mnunuzi wa mafuta wa mbali atakayetujua bila tovuti. Tukampata Bi Hajira Mohamedi, mwenye kafe ya intaneti Singida mjini, mwanamke mwenye adabu, asiyeanza neno bila shikamoo. Akatueleza kuwa hatajenga kuanzia msingi. Atatumia mfumo ambao ni kama nyumba iliyokwisha simama. Kazi yetu ni kupaka rangi, kupanga viti na kuandika jina mlangoni. "Mzee, hata wewe utaweza kubadilisha mambo mwenyewe," alisema, "hakuna haja ya kuniita." Maneno hayo ndiyo chanzo cha yote ninayokuletea hapa chini.

1. Picha yangu. Nyumba hiyo ilikuja na watu wake ndani. Ukurasa wa mbele ulikuwa na Mzungu, mkewe na mbwa, wote wakicheka katika shamba ambalo si la alizeti. Niliagiza waondolewe, niwekwe mimi. Bi Hajira alitii. Lakini nafasi ya picha ilikuwa pana na fupi, nami nilipigwa picha nikiwa nimesimama, kwa hiyo mfumo ukanikata kichwa na miguu. Kwa wiki mbili wageni wa dunia nzima walikaribishwa Iguguno na tai yangu. Nilipolalamika aliniambia, "Mzee, nafasi ndiyo hiyo, labda ukapige nyingine umekaa." Ndugu Afisa, mwenyekiti hawezi kukaa ili kuufurahisha mfumo. Niliagiza nafasi yenyewe irefushwe, ikarefushwa. Sasa msomaji huteremka kutoka usoni kwangu kwenda kwenye shati, mkanda, suruali na viatu kabla hajafika kwenye neno "alizeti", na wapo wanaodai kuwa simu zao huishiwa chaji njiani.

2. Kilatini. Chini ya kichwa "Historia Yetu" palikuwa na aya tatu za lugha ngeni. Mimi nilitumikia altareni utotoni, nikatambua mara moja kuwa ni Kilatini. Nikaona Bi Hajira, ingawa ni Mwislamu, ametutafutia baraka. Niliyachapisha maneno hayo, nikayabandika kwenye mlango wa ghala, na kwa wiki tatu wanachama walivua kofia walipopita. Siku moja Padre Urbano alikuja kununua mafuta. Akayasoma, akayasoma tena. "Mwenyekiti," akasema, "hii si sala. Hata Kilatini chenyewe kimekatwakatwa, hakina maana." Nilimpigia simu Bi Hajira. Akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Kumbe ni maneno ya kujazia nafasi tu. Yanakuja na mfumo ili mtu aone maandishi yatakavyokaa, halafu ayafute aweke yake. Nikamwuliza mbona hakuyafuta. Akasema alinitumia barua pepe tatu akiniomba historia ya kikundi. Barua pepe hizo sijaziona hadi leo, na sidhani mtu anaweza kulaumiwa kwa barua ambayo haikuletwa na mtu.

3. Theluji. Mfumo huu una vikorombwezo vya bure. Unabonyeza kimoja, nacho kinajifunga chenyewe kwenye tovuti. Mwezi Aprili nilifunga kumi na vinne katika alasiri moja: saa ya kuonyesha muda wa Tokyo, kalenda, cha kuhesabu wageni, cha kupigia kura (hiki nilikizima nilipoelewa kazi yake), na vingine vya namna hiyo. Cha mwisho kilikuwa cha kudondosha theluji juu ya ukurasa. Nilipokibonyeza tovuti yote ikawa nyeupe, na si weupe wa theluji, ni weupe wa karatasi tupu. Bi Hajira akapanda basi kutoka Singida. Akaingia kwa mlango wa nyuma wa mfumo, akavizima vyote kwa pamoja, ukurasa ukarudi. Kisha akaanza kuviwasha kimoja kimoja, kila mara akitazama kama ukurasa bado upo. Nilielezwa kuwa ndivyo wanavyomtafuta mwenye kosa. Alipofika cha kumi na nne, ukurasa ukatoweka. "Ni theluji, mzee," akasema. "Na Iguguno hatuna theluji." Nikamjibu kuwa hatuna, ndiyo maana nikaitaka.

4. Cheo. Hapo ndipo nilipodhalilishwa. Mfumo una vyeo vyake, ambavyo havikupigiwa kura na mtu yeyote: juu kabisa Msimamizi Mkuu, chini yake Mhariri, kisha Mwandishi, na mwisho kabisa Msomaji. Bi Hajira alishauriana na katibu wetu, Bi Theresia. Bi Theresia akawa Msimamizi Mkuu, nami nikawa Msomaji. "Ni kwa usalama wa tovuti, Mwenyekiti," Bi Theresia aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Nimeipitia katiba ya kikundi kuanzia jalada hadi jalada. Hakuna kifungu kinachosema mwenyekiti atakuwa anasoma tu.

5. Watu kujibu. Mwezi Julai nilimpelekea Bi Theresia makala yangu yenye kichwa "Mafanikio ya Mwenyekiti Katika Miaka Kumi na Mitano". Aliipandisha bila kugusa hata nukta, na kwa hilo nampongeza. Lakini chini ya makala mfumo uliacha sehemu ya watu kuandika maoni yao. Asubuhi yake mwanachama wetu Shukuru aliandika, kwa jina lake kamili: "Mashine ya kukamua imekufa tangu tarehe tisa Juni. Alizeti imejaa ndani hadi tunalala nayo. Tunawauzia walanguzi barabarani kwa lumbesa, gunia limeota kichwa kama la pamba. Mwenyekiti anasemaje?"

Hapa lazima nieleze. Ni kweli kwamba mashine ilikatika shafti mwanzoni mwa msimu. Mimi niliwaeleza wanachama mkutanoni kuwa mashine inapumzishwa, nao waliridhika, kwa kuwa mkutanoni hatuna sehemu ya maoni. Nilimpigia Bi Hajira nikamtaka aondoe hitilafu hiyo inayowawezesha watu kujibu. Akasema, "Shikamoo mzee. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa." Nikamwuliza kama anaweza basi kuruhusu yale maoni tu yanayoanza na neno "Hongera". Akasema linawezekana, ila wa kumwagiza ni Msimamizi Mkuu.

6. Mashine kutengenezwa. Tarehe tatu Agosti Bi Theresia aliipandisha picha ya shafti iliyokatika. Ameilaza juu ya gunia, pembeni ameweka rula. Chini akaandika: "Hii ndiyo imekatika. Tunamwomba anayejua kuitengeneza atujulishe." Hakuomba kibali. Hakuna kikao, hakuna muhtasari. Siku sita baadaye fundi mmoja wa Sekenke aitwaye Bonifasi, anayechonga vipuri vya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alikwenda Singida kutafuta beringi, akaingia kwenye kafe ya Bi Hajira, akaiona picha. Akaandika hapo hapo: "Hiyo naichonga. Nipimieni unene pale ilipokatikia." Bi Theresia akapima, akajibu. Wakajibizana mara kumi na moja mbele ya dunia nzima, na jina langu halimo hata mara moja.

Jumanne ya tarehe kumi na sita Bonifasi alishuka kwenye basi akiwa na shafti mpya, aliyoichonga kutoka ekseli ya lori bovu, ameizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Jumatano mashine ikaunguruma. Wanawake walipiga vigelegele nikavisikia nikiwa nyumbani, nimekaa, nasubiri kuitwa. Naomba uone uzito wa jambo hili. Mashine ya kikundi imepona bila mwenyekiti. Leo ni mashine. Kesho litakuwa ghala, keshokutwa mizani, na mwishowe watu watauliza mwenyekiti ni wa nini.

7. Tovuti kufanya uchunguzi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Bonifasi alipomaliza kazi aliomba akikague kile kipande cha zamani. Kisha akaandika kwenye tovuti, pasipo kuulizwa na mtu: "Shafti hii haikukatika kwa kukosa grisi. Ilibana kitu kigumu. Alama ya jiwe ipo." Sentensi hizo zimeiharibia ofisi yangu jina, kwa sababu muhtasari wa kikao cha kamati cha tarehe kumi na tatu Juni, ambao niliutia saini mwenyewe, unasema mashine ilikufa kwa uzembe wa mwendeshaji wake, Nathan, aliyeshindwa kuitia grisi, na kwamba aachishwe kazi. Aliachishwa. Tangu hapo anawapakilia walanguzi magunia kituoni.

Sasa naona wanachama wanasoma maneno ya mtu wa Sekenke na kuuacha muhtasari wenye mhuri. Wananisimamisha njiani. Jana, nje ya kanisa, Ritha mke wa Nathan aliniamkia shikamoo kama kawaida yake, nikaitikia marahaba, lakini hakuondoka. Alisimama pale, kana kwamba nilikuwa bado sijamaliza kuitikia.

Kwa hayo yote, Ndugu Afisa, naomba yafuatayo:

(a) Tovuti ifungwe, au ibaki picha yangu peke yake.

(b) Ikishindikana kufungwa, nipandishwe kutoka Msomaji hadi cheo kilicho juu ya Msimamizi Mkuu. Kama mfumo hauna cheo hicho, kibuniwe.

(c) Mashine irudishwe katika hali yake ya ubovu, kwa muda tu, mpaka kikao halali kikae na kuidhinisha itengenezwe. Kazi hiyo haitakuwa ngumu. Shafti ya zamani ipo. Nimeichukua nikaihifadhi chini ya kitanda changu.

Naamini utaliangalia ombi hili kwa jicho la kiongozi mwenzangu. Nisalimie wote hapo ofisini, karani wa masijala, dereva, na yule mama wa chai ambaye siku ile aliniongezea sukari bila kuombwa. Nisalimie na nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mke wangu Elizabeti anakusalimu pia, ingawa hajui ninaandika nini.

Wako katika kuujenga ushirika,

Philipo Alute
Mwenyekiti (Msomaji)

Nyongeza, 24 Agosti. Barua hii ilikuwa imekwisha gundishwa. Nimeifungua kwa sababu jana Elizabeti, akifagia chumbani, aliigonga shafti kwa ufagio. Akaivuta, akaiweka mezani katikati ya vikombe, akaniuliza, "Hii unamficha nani?"

Basi nakuandikia lililobaki. Tarehe tisa Juni walikuja wageni wa mradi kuiona mashine ikifanya kazi. Nathan aliniambia, "Mwenyekiti, alizeti hii haijachekechwa, ina mawe. Tungojee kidogo." Wageni walikuwa wanaangalia saa zao. Nikamsogeza Nathan, nikalinyanyua gunia, nikalimwaga ndani ya mashine kwa mikono yangu. Grisi alikuwa ametia asubuhi, mimi nikimwona. Sauti ya shafti kukatika ilipotokea wageni walikuwa wamekwisha toka nje kupiga picha, tukabaki mimi na yeye. Kwenye kikao alinitazama, akingoja niseme. Sikusema. Naye hakusema, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

Leo asubuhi nimekwenda kwake, nikamweleza haya mbele ya Ritha, kwamba kosa lilikuwa langu na kazi yake ni yake. Nathan akaniuliza kama shafti mpya inatetemeka ikizunguka kwa kasi. Nikasema sijui. Akavaa viatu, akaenda kuitazama.

Maombi (a), (b) na (c) uyafute. Kutoka kwa Nathan nilipita kwa Bi Theresia, nikamwomba cheo cha Mwandishi kwa siku moja tu, ili niyaandike haya kwenye tovuti kwa jina langu. Amenipa. Akaniuliza kama ningependa aifunge sehemu ya maoni chini yake.

Nimemwambia aiache wazi.