Karavani ya Baba Kiwanjani Nguvumali

Jumatatu, 15 Septemba

Karavani imewasili! Trekta imeivuta kutoka shamba la mkonge huko Muheza: nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, iliyoachwa na mpima ardhi mmoja zamani. Baba ameitunza kama mboni ya jicho. Ndani kuna jiko, karo, nafasi ya kuhifadhia saruji, benchi la kulalia na, heshima kuu, choo cha kukalia, bomba lake likiteremka hadi shimo jipya. Hakuna kiwanja Nguvumali nzima kinachothamini utu kiasi hiki.

Suala lenyewe ni zito. Baba amestaafu ufundi mitambo, na nyumba ya shamba anairudisha tarehe 30. Nimeapa kwamba siku hiyo atalala kiwanjani kwake, ambapo namjengea nyumba. La sivyo anahamia kwa kaka yangu Bryson, ambaye amenitumia ujumbe: "Stazia, jenga banda la mabati kama watu. Mzee nimeshamtandikia kitanda." Dharau!

Nimewahutubia mafundi dakika ishirini na tano juu ya utu wa mfanyakazi. Fundi Zubeiri, mkuu wao, mwenye mvi na subira, alisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Ahsante, mwanangu. Sasa utupishe, umesimama juu ya kamba."

Jumatano, 17 Septemba

Zubeiri ni msanii. Hulenga kwa jicho moja, hugonga jiwe mara mbili kwa mpini wa mwiko, na jiwe hutii. Nimemtazama saa nzima. Hakuna chuo kikuu chenye idara ya jicho lile.

Lakini kuna hujuma! Vibarua wanatoweka. Wanaaga kwa adabu kwamba wanakwenda "kunyoosha miguu", mmoja mmoja, na kurudi baada ya nusu saa kutoka upande wa msikitini. Zege linakauka kwenye karai. Choo changu hakijaguswa. Sabuni ingali kwenye karatasi yake.

Mimi, niliyeongoza mgomo wa vyoo vya bweni chuoni, leo nagomewa choo!

Alhamisi, 18 Septemba

Nimebandika ratiba mlangoni mwa karavani. Nimehutubia tena. Nimetaja ukombozi wa Afrika, kisha bomba. Zubeiri akakohoa. Wengine wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema, "Mheshimiwa, kizuri mno. Tunakionea haya."

Ndipo Semeni, anayetupikia, akaniita pembeni kwenye masufuria yake. Mwanamke wa ajabu! Hakuna anayethubutu kujiongezea mchuzi bila kauli yake. Akaniuliza kama huko chuoni tunafundishwa kuuliza. Nikamjibu kwamba nilifanya utafiti.

"Utafiti kwa nani? We mtoto, ukikaa kwenye choo chako, unatazama wapi?"

Kaskazini, nikasema.

"Na kibla iko wapi?"

Kaskazini!

Mwislamu hajisaidii akielekea kibla, wala akiipa mgongo. Kwa siku tatu wanaume saba wametembea juani badala ya kuniaibisha, binti wa Kilutheri, kwa kunitajia habari za choo mbele ya watu. Nimelengwalengwa na machozi. Ustaarabu ulioje!

Uamuzi: karavani nzima itageuzwa robo mzunguko, itazame bahari. Zubeiri amependekeza tusimamishe choo cha makuti nyuma ya mchanga, kazi ya saa mbili. Nimekataa. Haki haiezekwi kwa makuti.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumegeuza. Wanaume saba mabega kwenye bati, mimi juu ya ndoo ya rangi nikitoa amri. Nguvu zile! Mpangilio ule! Zubeiri aliuliza kama nimeweka mawe ya kuzuia magurudumu upande wa chini. Nikamweleza kwamba kiwanja ni tambarare.

Si tambarare.

Karavani ilitazama bahari kwa utukufu wa sekunde nne. Kisha ikaondoka. Iliteremka polepole, bila papara, ikakanyaga sufuria ya maharage, ikapanda juu ya kifusi cha msingi na kusimama katikati ya mahali patakapokuwa sebule. Ekseli ikakatika vipande viwili. Watu wote salama. Aliyoyasema Semeni kuhusu maharage hayaandikiki.

Trekta haipatikani hadi mwezi ujao. Kuta hazijaanza. Zimebaki siku kumi.

Bryson amepiga simu kuuliza kama Baba anapenda mto mgumu au laini.

Ijumaa, 26 Septemba

Zubeiri aliizunguka karavani mara tatu, akapima, akatamka: "Yeye haondoki. Basi sisi tutamfuata." Wanajenga kuta kuizunguka! Bomba limerefushwa. Choo bado kinatazama bahari, hatua sita kutoka kazini, na hakuna tena anayenyoosha miguu. Sabuni ya kwanza imekwisha. Sijawahi kuona fahari kama karatasi ile tupu.

Leo walirejea kutoka sala ya Ijumaa, wakafanya kazi hadi magharibi bila kuombwa. Nilipouliza sababu, wakasema mzee hawezi kwenda kulala kwa watu ilhali ana kiwanja. Nimebeba maji siku nzima. Semeni amenipiga marufuku kuhutubia mpaka linta, mkanda wa zege juu ya madirisha, imwagwe.

Jumanne, 30 Septemba

Baba amefika na sanduku na redio. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kuta zilizofika linta, na ndani yake karavani imetulia kama mwali.  Nikaogopa. Kisha akacheka hadi kofia ikadondoka, akamshika Zubeiri mikono yote miwili. Saa kumi alasiri alikuwa benchini mwake, anakoroma. Nimemtumia Bryson picha. Amejibu: "Sawa."

Ushindi!

Zubeiri, kwa upole, ameniomba jambo moja tu: kabla ya amri nyingine, nishauriane nao kwanza. Nimeafiki kwa moyo wote. Papo hapo nimeunda Kamati ya Ushauri. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Kikao cha kwanza kimepitisha kwa kauli moja kwamba ukuta wa mbele ubomolewe ili karavani ipate njia ya kutoka.

Zubeiri ataarifiwa asubuhi.