Mlango wa Kioo wa Bafu Letu

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Upepo tena! Nimeoga mkono mmoja umeshika sabuni, mwingine umeshika gunia. Hilo gunia ndilo mlango wa bafu letu hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Na Jumamosi anakuja Wamalwa na wazee wake kutoka Naivasha, kumposa Truphosa, kitinda mimba wangu. Kwetu, mkwe akiuona mwili wa mama mkwe, posa inasimama. Gunia liondoke!

Jirani yangu Milcah ana mlango wa mbao wenye komeo. Siku hizi anaoga mara tatu, ili tu tusikie komeo likilia. Uchafu gani huo usioisha?

Jumanne, 5 Agosti

Nimepima. Urefu mikono minne kasoro ngumi. Upana mkono mmoja na shubiri. Karanja seremala akauliza mikono ya nani. Yangu, ya nani mwingine! Akatoa utepe wake wa namba. Nikamwambia aukunje, huo utepe hauogi kwetu. Akasema basi nimwachie mkono wenyewe hapo mezani. Jeuri! Kazi yangu hapati.

Alhamisi, 7 Agosti

Naftaly anauza vitu vya nyumba za walowezi zilizobomolewa. Nimeona mlango wa kioo kitupu, juu hadi chini. Unang'aa! Naftaly akanionya kwamba ulikuwa wa kutazamia bustani. Nikamwambia vizuri, nitatazama bustani nikioga. Kuku watatu wameondoka, mlango umekuja. Milcah hana kioo hata cha taa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mlango umezidi upana, mkono mzima. Mlango wa mzungu haukatwi. Nimekata bafu. Sasa bafu ni mlango na kona mbili za mabati.

Nikaingia kuujaribu. Nikamwona Milcah akianika nguo, vizuri kabisa, hadi vifungo. Kisha nikagundua naye ananiona. Akaniuliza nimeshindaje. Nikamjibu salama tu, nimejifunika karai.

Dawa nimeipata: chokaa! Nimepaka kioo chote, cheupe kama ukuta wa kanisa. Truphosa akanisihi nirudishe gunia. Nikamwambia anyamaze, atanishukuru. Mtoto mwembamba huyu. Huko Naivasha nani atamkumbusha kula?

Jumamosi, 9 Agosti

Ole wangu.

Wageni walikuwa wa saa kumi. Saa nane nikaingia kuoga, niwapokee nikinukia. Maji moto karai tele. Naimba. Naona chokaa inateremka kama uji, kioo kinabaki wazi. Na nje, Wamalwa! Suti mpya, kofia mkononi.

Walipata lori la kabichi, wakafika mapema. Na Milcah akawaambia wapitie nyuma, mlango wa mbele ni wa wageni wasiojulikana. Nyoka!

Wamalwa aliruka ua wa Milcah, suti na yote, kofia ikabaki kwetu. Wazee wake walikaa kikao wakinipa mgongo. Uamuzi: nitoe beberu wa kutakasa, aliwe na pande zote mbili, ndipo posa isikilizwe. Baada ya mavuno. Miezi mingapi hiyo!

Truphosa amelia mchana kutwa. Nilimkumbatia akanisukuma. Baadaye akaja mwenyewe, akalaza kichwa mapajani mwangu. Nimemsuka nywele. Hata zile zilizokuwa zimesukwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Karanja amekuja na mlango wa mbao. Kumbe Truphosa alimwagiza kimya kimya, akapima kwa utepe! Umeingia kwenye fremu bila hata kukwaruza, maana kwanza aliondoa kioo na kurudisha mabati niliyokata. Nimemwambia aung'oe, auondoe machoni pangu.

Mimi nimeshafikiri. Kosa halikuwa kioo. Kosa ni kwamba kile kilionyesha aliye ndani. Sasa kwa Naftaly kuna mlango wa kabati wenye kioo cha kujitazamia. Mkwe akisimama nje atauona uso wake mwenyewe, aone haya, aende zake.

Jogoo nimeshamfunga miguu. Kesho Naftaly anafungua saa mbili.